Hotipoti Safi: Kisa cha Bi Mkubwa na Chakula cha Mchana

Kwa miezi minne daftari langu lilisema Bi Mkubwa anakula vizuri kuliko wazee wote kumi na wanne tuliokuwa tukiwapelekea chakula. Hotipoti yake ilirudi jikoni tupu, imeoshwa, imekaushwa, na mara nyingi ndani mna kitu: ndimu mbili, karanga zilizofungwa kwa kipande cha gazeti, siku moja visheti. Safu yake ilijaa tiki kutoka juu hadi chini. Katika miezi hiyohiyo minne alipungua kilo tatu.

Nakiandika kisa hiki kwa wanaofikiria kuanzisha kazi kama yetu mitaani kwao. Shehia sitaitaja, inatosha kusema ni Ng'ambo, Unguja, na mwaka ni 2019. Bi Mkubwa si jina lake, ndivyo watoto wa mtaa walivyokuwa wakimwita.

Tulianza akinamama wanane wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mmoja wetu alikuwa amefiwa na jirani, mzee wa kiume aliyekuwa akiishi peke yake, na walipoingia ndani walikuta sufuria kavu na kikombe cha chai. Hakuna aliyesema kwamba mzee yule alikufa kwa njaa, lakini sote tulirudi makwetu na fikra hiyo. Wiki mbili baadaye tukaweka meko mawili ya mkaa uani kwa mwenzetu, tukakubaliana siku tano kwa wiki: wali au ugali, ndizi au muhogo, mchuzi wa samaki kutoka Malindi ya hapa Unguja, siku nyingine choroko au maharage, na mboga za majani kila siku. Ijumaa tuliiacha makusudi. Mtaa wetu haumsahau mzee siku ya Ijumaa, pilau ya mtu itamfikia tu. Jumapili tulipumzika. Kijana mmoja mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa mpelekaji, na mimi nilikabidhiwa daftari kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya ukarani.

Hatukutaka kubahatisha, kwa hiyo tuliangalia waliotutangulia. Huduma ya kuwapelekea wazee chakula majumbani si jambo jipya duniani. Huko Uingereza akinamama wa kujitolea waliianza mwaka 1943 katika mji wa Hemel Hempstead, vita vikiwa bado vinaendelea, na Marekani ilianzia Philadelphia mwaka 1954. Baadaye serikali ya Marekani iliiingiza katika sheria yake ya wazee, na kanuni yao inataka kila mlo unaopelekwa uwe na angalau theluthi moja ya mahitaji ya lishe ya mzee kwa siku. Kanuni hiyo tuliipenda, tukaichukua. Pamoja nayo tukachukua fomu ya kuandikisha mzee, tuliyoipata kwenye intaneti na kuitafsiri usiku mmoja huku tukinywa chai ya tangawizi. Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja. Swali la nne liliuliza: unaishi na nani?

Bi Mkubwa alijibu, "Peke yangu." Lilikuwa jibu la kweli. Mumewe alishatangulia, bintiye mmoja anafanya kazi za nyumbani Muscat, na chumba anacholala hana anayekishiriki naye. Niliandika "peke yake" na kupiga mstari chini.

Mambo yalifichuka Jumatatu moja. Kijana wa baiskeli alifika saa nane kasoro robo, akapiga hodi mara tatu, hakuitikiwa. Aliposukuma mlango alimkuta Bi Mkubwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Alimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye badala ya kuitika marahaba akamwambia akawaite watoto ndani kwani jua limeshazama. Ilikuwa mchana kweupe. Kijana akatoka mbio. Wa kwanza kufika alisema ni pepo. Wa pili, mama ambaye mumewe ana kisukari, hakusema kitu: alikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji akamnywesha kidogokidogo, akamkalisha ameegemea ukuta. Baada ya robo saa hivi Bi Mkubwa alimtazama kijana akamuuliza mbona chakula kimechelewa.

Mama yule ndiye aliyemwokoa, si sisi. Alikuwa ameshayaona jasho na maneno ya ovyo kwa mumewe.

Kituo cha afya tulichompeleka walitaka kuona vidonge vyake. Alikuwa akimeza glibenclamide, dawa ya kisukari, kila asubuhi, tena kwa miaka mingi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho likishasukumwa haliulizi kama chakula kimefika au hakijafika. Mgonjwa wa umri mdogo akichelewa kula huenda akasikia njaa tu. Mzee ambaye figo zake zimechoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari inaweza kushuka mpaka akili ikavurugika. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa aliyepita miaka 60. Bi Mkubwa alikuwa na miaka 76. Walimbadilishia dawa siku ileile, na nashukuru. Lakini muuguzi alipompandisha kwenye mizani akalinganisha na kadi yake, ndipo nilipoona kwamba dawa ni nusu tu ya habari. Kadi ilisema kilo 44. Mizani ilisema 41.

Kilo tatu kwa mtu wa kilo 44 ni karibu asilimia 7. Mzee akipoteza asilimia 5 ndani ya nusu mwaka bila kukusudia, watu wa afya huhesabu hiyo kuwa dalili ya hatari. Na huyu ndiye aliyekuwa na tiki nyingi kuliko wote.

Nikaamua kupeleka chakula mwenyewe kwa siku tatu. Sikusema ninachotafuta, nilisema kijana anaumwa mguu.

Siku ya kwanza alinipokea, akaiweka hotipoti kwenye meza ndogo akaifunika na kawa kuukuu lililofumuka ukingoni. "N'takula baadae, mwanangu. Kaa tuzungumze." Tukazungumza mpaka nikaona aibu kuendelea kukaa, nikaondoka. Siku ya pili mambo yakawa vilevile. Siku ya tatu nikakaa bila aibu.

Saa nane kasoro dakika chache akaingia mtoto wa miaka saba hivi, sare ya skuli imeshika vumbi, mkoba mgongoni. Hakupiga hodi. Aliutupa mkoba, akanawa mikono kwenye beseni, akaketi mkekani. Bi Mkubwa akaifunua hotipoti, akapakua chakula chote kwenye sahani moja pana. Siku hiyo ilikuwa wali, mchicha wa nazi na kipande cha changu. Akamshika samaki yule kwa vidole vitatu, akamchambua taratibu, mwiba mmoja mmoja, na kila nyama iliyotoka safi akaisogeza upande wa mtoto. Upande wake ulibaki wali uliolowana mchuzi. Alikula matonge matano. Niliyahesabu, na sijivunii kukaa nikihesabu matonge ya mtu mzima. Mtoto alimaliza sahani.

Mtoto alipotoka kwenda madrasa nikamuuliza, "Bi Mkubwa, kila siku hali iko hivi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama bahari ina chumvi. "Sasa n'le mie na mtoto ananitazama?"

Yule mtoto ni mjukuu wa dada yake. Mama yake anauza mihogo ya kukaanga na urojo, anatoka asubuhi kutafuta vitu na anarudi usiku. Mtoto halali kwa Bi Mkubwa, wala haishi kwake, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuingia kwenye swali la nne. Swali letu lilitoka mahali ambapo mlango ukifungwa, aliye ndani ndiye anayekula. Kwetu anayeishi ndani na anayekula ndani ni hesabu mbili. Tungeuliza, "Mchana nani huwa anakula hapa?" angetujibu siku ya kwanza, tena kwa furaha.

Nikaichukua kanuni yetu ya theluthi na kuipiga upya. Sahani iliyotoka jikoni ilikuwa na theluthi ya mahitaji ya siku. Katika ile theluthi, yeye alikula kama theluthi. Mkono wetu wote, mkaa, samaki, baiskeli, vilikuwa vinamfikishia sehemu moja ya tisa. Na ile moja ya tisa ilikuwa ya wali. Mzee anahitaji protini kama gramu moja hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwa hiyo Bi Mkubwa alihitaji gramu 41 hadi 49. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kinampa zaidi ya gramu 20, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikivuka kwenda upande wa pili wa sahani. Misuli ya mzee ikishaondoka hairudi kwa urahisi.

Tena sisi wenyewe tulikuwa tumechangia. Alikuwa wa mwisho kwenye njia ya baiskeli kwa sababu nyumba yake iko pembeni. Chakula kilitoka jikoni saa sita, kikamfikia karibu saa nane, saa ambayo mtoto anatoka skuli. Kama kingefika saa sita na robo angekuwa amekula kitu kabla ya mgeni wake, au hivyo nilidhani. Nilipochukua kipimajoto nikakitumbukiza kwenye wali wa hotipoti ya mwisho, kilisoma nyuzi 51. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60. Wali ukikaa vuguvugu muda mrefu huotesha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukiupasha tena. Hilo tulilirekebisha wiki ileile: njia ikageuzwa, wa mwisho akawa wa kwanza, na njia ikakatwa mara mbili kwa wapelekaji wawili. Lilikuwa jambo rahisi na sitalirudia.

Gumu lilikuwa lile la ndimu na karanga.

Nakiri kwamba zawadi zile zilinipendeza. Nilikuwa nazisimulia kwenye vikao: angalieni, mzee anashukuru. Mpaka nilipokaa mkekani kwake nikaona kibati cha maziwa ya unga anachowekea hela, nikamuuliza pensheni yake inamtosha vipi. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016, kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, na wakati ule ilikuwa Sh20,000 kwa mwezi. Akanihesabia matumizi yake bila kuficha. Katika hesabu hiyo mlikuwa na "vya kurudishia chombo", karibu Sh500 kila siku tunayopeleka. Siku ishirini kwa mwezi ni Sh10,000. Nusu ya pensheni yake ilikuwa inarudi kwetu ndani ya hotipoti zetu, nasi tunakula karanga zake tukiwa tunaosha masufuria.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu, mwanangu. Nyie hamkulelewa?"

Tulilelewa. Kila mmoja wetu anajua kwamba jirani akikuletea sahani ya futari hutamrudishia hivihivi, japo kiganja cha sukari kitatiwa. Mila ile inafanya kazi kwa sababu leo mimi, kesho wewe. Sisi tuliivunja upande mmoja tukauacha wa pili umsimamie mzee kichwani: leo sisi, kesho sisi, na yeye kila siku ana deni. Sikumbuki kama mwongozo wowote tuliousoma uliligusa jambo hili, na sishangai. Waliouandika hawakuwa wakitumia vyombo vya jirani.

Kulikuwa na tundu la tatu nalo lilikuwa Muscat. Binti alikuwa akituma pesa kwa simu, si nyingi na si kila mwezi, lakini zilikuwa zinafika. Aliposikia kwamba kuna kikundi kinampikia mama yake alitutumia ujumbe wa sauti wa dua ndefu, nikausikiliza mara mbili. Baada ya hapo akapunguza. Hakufanya ubaya, naye ana watoto anawasomesha Pemba, na aliona upande mmoja umepata wa kuushika. Sijui kama angepunguza hata hivyo. Ninachojua ni kwamba hatukuwahi kumwambia kwamba tunachopeleka ni mlo mmoja kati ya mitatu, siku tano kati ya saba. Alidhani tumembeba mama yake mzima.

Marekebisho yetu ya kwanza yalikuwa ya kijinga, nami ndiye niliyeyapendekeza. Nilimpelekea ujumbe kwa adabu zote: asitie tena kitu kwenye chombo, na chakula ni chake, mtoto atafutiwe mahali pengine. Jumamosi hotipoti ilirudi haijafunguliwa. Jumatatu vilevile. Kijana alisema bibi ameitikia salamu, akasema ameshiba, akafunga mlango. Mtu aliyetoka kuanguka kwa sukari, siku mbili hali chakula chetu, kwa sababu nimemwambia awe ombaomba na asiwe bibi wa mtoto.

Aliyetuokoa ni mwenzetu mkubwa kuliko sote, ambaye kwenye vikao huwa hasemi. Alikwenda jioni, akakaa mpaka magharibi. Hakutaja chakula wala sukari. Alisema jikoni kwetu nzi wametushinda, na makawa ya sokoni siku hizi yanafumuka ndani ya mwezi, je, Bi Mkubwa bado anaweza kushika ukili? Bi Mkubwa alikuwa msukaji tangu usichana, mikeka ya nusu ya nyumba za mtaa ule ilitoka mikononi mwake. Akasema macho hayamsaidii kama zamani ila kawa atalisuka. Tukampelekea ukili. Kawa la kwanza lilichukua wiki tatu, limeegemea upande kidogo, na mpaka leo ndilo linalofunika sufuria kubwa ya wali. Kuanzia siku alipopokea ukili, hotipoti zilianza kurudi bila karanga. Hakuna aliyemwambia aache. Alikuwa ameshalipa.

Mtoto tulimwandikisha. Hotipoti ya pili, ndogo, yenye mfuniko mwekundu, ina chakula chake, na samaki wake hana miba. Jambo hili lilituletea ugomvi ambao haujaisha. Mwenzetu mmoja, tena mchangiaji mkubwa, alisema tulikubaliana kulisha wazee, hatukukubaliana kulisha watoto wa watu, na kwamba tukimpa huyu kesho watakuja ishirini. Kwamba wapo wengine hakukosea: tulipozipitia nyumba zote kumi na nne kwa swali jipya, tulikuta nyingine tatu zenye mlaji ambaye fomu haikumwona, mmoja wao mtu mzima, mtoto wa kiume anayerudi kazini mchana na kula sahani ya mama yake. Huyo hatukumpa hotipoti. Tulimwita, tukamwambia mbele ya mama yake kwamba akitaka kula alete mchele kilo tano kwa mwezi, akaleta mwezi mmoja, kisha akaacha kuja mchana. Watoto tuliwapa. Kwa hoja yangu, sahani ya mtoto tulikuwa tunaipika tangu mwanzo, ila tulikuwa tunaiandika kwa jina la mzee. Mwenzetu hakukubali, na mchango wake ukapungua. Kuna wiki mbili tulipika choroko mfululizo kwa kukosa hela ya samaki.

Kwa binti nilipiga simu mwenyewe. Nilimsomea kinachokwenda na kisichokwenda: mchana siku tano, asubuhi hakuna, usiku hakuna, Ijumaa na Jumapili hakuna. Alikaa kimya, kisha akauliza mama anapenda nini usiku. Sikuwa na jibu. Miezi mitano ya kumpelekea mtu chakula na sijui anapenda nini usiku. Nikaenda kuuliza: uji wa mtama wenye pilipili manga. Sasa kuna hela kidogo inatumwa kwa muuza duka wa karibu kwa ajili ya mtama, na haipitii kwetu.

Daftari nalo lilibadilika. Safu ya "kimefika" bado ipo kwa sababu wafadhili wetu wawili wanaipenda. Kando yake niliongeza safu ya kinachorudi: wali kiasi gani, samaki ameguswa au hakuguswa, nani alikuwapo mlango ulipofunguliwa. Wapelekaji walilalamika kwamba ni umbea. Kuna ukweli hapo, na nimewaambia wasiandike chochote ambacho hawawezi kukisoma kwa sauti mbele ya mzee mwenyewe. Mzee wa nyumba ya nne, kwa mfano, hurudisha muhogo kila mara. Nilidhani haupendi mpaka kijana alipoandika kwamba anautafuna kisha anautema kwenye karatasi. Meno. Sasa anapata wa kuponda.

Miezi mitatu baada ya siku ile Bi Mkubwa alipanda tena kwenye mizani: kilo 42 na nusu. Sukari yake haijashuka tena vile, ingawa anasema dawa mpya inamchafua tumbo. Ana kawa la tatu mkononi.

Jumanne iliyopita hotipoti yake ilirudi na robo ya wali ndani, haijaoshwa, mchuzi umegandia ukingoni. Kijana aliniambia bibi amesema leo wali ulikuwa mgumu, mumwambie mpishi. Nikaandika kwenye safu: robo, mgumu.